Mkoba Wenye Ngozi ya Fenesi

Hapa Morogoro wanaonifahamu ni wengi, nisikufiche. Fika Kihonda uulize nyumba yenye geti la buluu na simba wawili wa saruji, hata mtoto mdogo atakuonyesha. Simba wale niliwaweka mimi. Nilishuka milimani nikiwa kijana na mkungu wa ndizi kichwani, miguu peku, na elimu ya darasa la saba ambalo nililimaliza kwa kusukumwa. Leo nina malori matatu yanayobeba mchanga na mawe. Sikurithi kitu. Kwetu Uluguru shamba linafuata ukoo wa mama, na mjomba wangu alikuwa na wapwa wengi wa kugawana vilima vyake. Nilichonacho nimekikamata kwa mikono yangu hii.

Na mikono hiyohiyo ndiyo iliyonivunjia heshima.

Mwaka jana nilipanda juu ya lori kukaza turubai. Vijana walikuwepo, lakini nani atakaza kama mimi? Nikateleza, nikaja chini, mguu ukavunjika. Wakanifunga plasta, lile hogo zito, kuanzia unyayo mpaka juu ya goti. Daktari akasema nikae. Mtu kama mimi, nikae. Wiki ya kwanza niliwagombeza madereva kwenye simu mpaka wakaacha kupokea. Baada ya hapo nikabaki sebuleni na mke wangu.

Mke wangu anafuma kwa sindano ya kroshia. Zamani alifuma vitambaa vya makochi, siku hizi anafuma mikoba ya kina mama, na wake wa walimu wa Mzumbe wanamfuata mpaka nyumbani. Kazi yake nilikuwa naiita kufuga buibui. Nikiwa nimelala pale kwenye kochi niliiangalia vizuri kwa mara ya kwanza, nikaona ina kasoro. Mikoba yake ilipendeza lakini haikusimama. Ukiuweka mmoja mezani unalala ubavu kama mbuzi aliyechoka. Yeye mwenyewe alikuwa akilalamika. Nikamwambia tatizo lake ni msingi, hajajua msingi.

Hakuinua hata macho. "Basi njoo umwage zege."

Siku aliyokwenda sokoni nikaivuta kroshia. Kushika kijichuma kile kwa vidole vyangu ilikuwa kama kuchota uji kwa koleo. Niliharibu uzi mwingi sana nikauficha chini ya godoro la kochi. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na uzi. Nikakumbuka alivyokuwa akifanya: unatia ndoano kwenye tundu, unazungusha uzi, unavuta. Nilivuta kama ninavyokaza kamba za turubai. Mkono wa namna hiyo ukifuma kitambaa cha meza kinajikunja kama jani kavu. Ila mke wangu aliporudi, akakiona kile kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba, hakikubonyea. Halafu akaenda chumbani akaniletea uzi mnene wa kahawia, akasema niushike mara mbili, nyuzi mbili kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipotoa amri ya mapazia. Nikifuma, mapazia yafungwe. Mgeni akipiga hodi, uzi unaingia chini ya mto, mimi nashika simu nakunja uso. Hata hivyo, nikisema ukweli, kazi yenyewe ilinikolea. Kitako cha mkoba nilikifuma kipana, ndani yake nikaweka kipande cha plastiki nilichokata kwenye ndoo tupu ya rangi. Ubavuni nikatia vinundu: unazungusha uzi tena na tena kwenye tundu moja, kisha unavuta vyote kwa pamoja, kinatuna kama upele. Safu kwa safu, mpaka mkoba ukawa na ngozi ya fenesi. Mpini nikaufumia juu ya kipande cha mpira wa maji ili usilegee. Mke wangu akashona bitana ya ndani, maana sindano ya kawaida mimi inanishinda. Mambo ya ndoo na mpira hayakuwahi kumjia akilini. Hayo ni yangu, na nasema tena ni yangu.

Wakati huo binti yangu wa mwisho alikuwa ameshachumbiwa na kijana mwenye kazi Kisaki. Shughuli ya kumuaga ilikuwa inakaribia. Mchana mmoja akanikuta nafuma, akavuta kigoda akakaa karibu na mguu wangu uliofungwa.

"Baba," akasema, "mjomba ndiye atakayesimama kunisemea. Mama ameshanipa kanga na vyombo. Cha kwako nitashika nini?"

Nikashangaa. Nikamhesabia: turubai nimekodi mimi, ng'ombe wangu, muziki wangu, gari la kumpeleka langu. Akasema ndiyo, na anashukuru, lakini hivyo vyote vitaisha siku ileile. Akaugusa mkoba.

"Nipe huu. Nikipita nao mbele za watu nitajua nimetoka na baba yangu."

Nikamwambia sawa, lakini kwa sharti: akiulizwa aseme kaufuma mama yake. Binti yangu akayaangalia yale mapazia yaliyofungwa, kisha akaniangalia mimi.

"Haya, Baba."

Zilibaki safu chache za mpini aliponiingilia mtani wangu. Ni mama mtu mzima kutoka kijiji chetu cha mlimani, anauza ndizi sokoni. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu, na mtani hapigi hodi. Nilisikia tu ndara zake zinakokota ukumbini. Mkoba nikaurusha nyuma ya kochi, uzi ukakatika, na ile kroshia, sijui nilifikiri nini, nikaichomeka ndani ya hogo, pale juu ya goti kwenye uwazi. Akakaa, akanywa chai, akanitukana kwa raha zake, akasema lori limechoka kunibeba ndiyo maana limenitupa. Nami nikamrudishia. Alipoondoka nikaitafuta kroshia yangu, nikaikosa. Ilikuwa imeteremka chini kabisa.

Nilikaa nayo humo mpaka siku ya kukatwa plasta. Kila nikigeuka inanichoma kwenye muundi, na ningemwambia nani? Mpini nikaumalizia kwa kroshia nyingine ya mke wangu. Siku ya hospitali mtani naye akaja, eti kuhakikisha mguu wangu haujaibiwa. Muuguzi akapasua hogo, na kijichuma kikadondoka sakafuni kililili, kikiwa bado na kipande cha uzi wa kahawia. Muuguzi akauliza ni nini. Nikasema nilikuwa najikunia. Mtani akainama, akakiokota, akakitia kwenye pindo la kanga yake akafunga fundo.

"Kujikuna na uzi," akasema.

Siku ya shughuli uwanja wangu ulijaa. Nasema ulijaa. Mjomba wa binti, yaani kaka wa mke wangu, alisimama akamsemea vizuri, mimi nikiwa kwenye kiti cha mbele na fimbo yangu ya kutembelea. Ndipo binti yangu alipotoka na gauni lake, mkoba mkononi. Nilisikia akina mama wakiguna kwa kusifu. Mmoja wa wake wa walimu aliuinamia, akauliza bei. Kifua kilinijaa, bwana. Ningeweza kusimama kwenye kiti.

Mtani akatoka kwenye kundi la akina mama akicheza. Akampokonya binti mkoba, maana kwenye shughuli mtani ana ruhusa ya kunyakua chochote mpaka kikombolewe. Akafungua pindo la kanga, akatoa ile kroshia, akaulinganisha uzi wake na wa mkoba. Kahawia kwa kahawia. Akamwomba mshereheshaji kipaza sauti.

"Jamani, kuna fundi humu kafuma mkoba ndani ya plasta. Simtaji. Naomba asimame mwenyewe aukomboe. Nani kafuma?"

Watu wakaanza kucheka na shingo zikaanza kugeuka. Ninayajua mambo ya utani tangu utotoni. Ilinipasa kusimama, nimwambie afadhali mimi ninayefuma kuliko yeye anayeivisha ndizi kwa moshi wa kuni za wizi, watu wangecheka, ningecheza hatua mbili na fimbo yangu, tungemaliza. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umejivua nguo mwenyewe.

Lakini madereva wangu walikuwa pale. Wateja wangu wa mchanga walikuwa pale, wameshika soda, wananiangalia. Damu ikapanda. Nikasimama kweli, nikamnyang'anya ile kroshia nikaitupa kule kwenye majivu ya jiko.

"Kamuulize mke wangu," nikasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu, kikayabeba yote. "Mimi nalisha watu kwa malori. Sishiki takataka za wanawake."

Hakucheka mtu. Mke wangu aliinamisha kichwa, akawa anakunjua na kukunja upande wa kanga yake. Mtani akaurudisha mkoba kwa binti taratibu, akaenda kukaa. Mshereheshaji akafungulia muziki.

Binti yangu alikuja mpaka kwenye meza yangu. Akafungua mkoba, akatoa leso yake na simu yake, akaufunga, akauweka mbele yangu.

"Kama wewe unauonea haya, Baba, mimi nitaubebaje?"

Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira. Kisha akaenda kuzunguka kuwaaga watu mikono mitupu. Nilibaki na ule mkoba mezani. Nilikuwa nimejisifu sana moyoni kwamba unasimama wenyewe, na siku hiyo ulisimama. Watu walikula, walicheza, walitoa zawadi, nao umesimama wima mbele ya uso wangu kama askari. Nilitamani ulale ubavu kama ile ya mke wangu. Haukulala.

Akaenda Kisaki. Akipiga simu kwa mama yake, ninapewa, anasema shikamoo baba, nasema marahaba, anauliza mguu, nasema haujambo, anaomba arudishiwe mama. Mkoba mke wangu aliuweka juu ya kabati la vyombo. Sikumwomba autoe, naye hakuutoa. Vijana wangu walishajua. Nikipita wanaacha mazungumzo. Ningependa wangenicheka.

Mtani alikuja kudai faini yake, kwa sababu hasira kwa mtani ina faini. Nikampa kuku. Akamkagua miguu, akasema mwembamba kama mwenye nyumba, akamkwapua. Mlangoni akafungua tena lile pindo, akaweka kroshia juu ya mkono wa kochi. Kumbe alikuwa ameitoa kwenye majivu siku ileile ya shughuli.

"Shika chuma chako. Kuku nimepata. Binti yako umempata?"

Lori langu moja lilipopata mzigo wa saruji wa kupeleka Kisaki, nikapanda mbele na dereva. Mkoba niliutia kwenye mfuko wa salfeti, nikafunga mdomo kwa kamba. Dereva aliuangalia ule mfuko mara moja, akarudisha macho barabarani. Njia nzima tuliongelea mashimo.

Binti yangu nilimkuta barazani amekaa mkekani na majirani zake wanachambua mchele. Aliniamkia, akanipa kiti, akamtuma mtoto wa jirani soda. Nikamkabidhi mfuko. Nilitegemea ataupeleka ndani. Akaufungulia palepale, akautoa mkoba, akauweka mkekani. Ukasimama. Akina mama wakaanza kuushika, wanapapasa vile vinundu, wanaulizana ni uzi gani, mpini mbona mgumu hivi. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akamuuliza binti yangu, "Nani kakufumia?"

Nilimwona akifungua mdomo. Akaufunga. Akainamia chupa ya chai, akaanza kumimina polepole kama mtu anayemimina mafuta ya gharama. Nyuma yangu dereva alikuwa amesimama na glasi ya maji mkononi.

Uso wangu uliwaka mpaka masikio. Hata leo nikiandika unawaka, sitakudanganya kwamba umepoa.

"Mimi," nikasema.

Sauti ilitoka kama ya mtu anayeulizia choo kwenye nyumba ya watu. Yule mama hakusikia. "Nani?"

"Mimi, baba yake. Nimeufuma mimi."

Dereva akapaliwa na maji. Yule mama aliniangalia mikono, akauangalia mkoba, akaniangalia mikono tena. Mimi niliangalia mchele.

Binti yangu akanipa kikombe cha chai. Kisha akainuka, akatia mkono kwenye mpini, akasema anakwenda dukani mara moja kununua sukari. Sukari ilikuwepo, bakuli zima, kando ya chupa. Duka liko mwisho wa barabara, kupita nyumba zote. Nilibaki nimeinama kwenye kile kiti, sikuthubutu kumtazama dereva, nikisikia watu wakimsalimia binti yangu nyumba kwa nyumba, akienda na akirudi.