Mianzo Aliyoitengeneza Fundi Saa

Kwa miaka kumi na tisa Mama Tochi alitazama kila picha ya Mtulivu iliyoletwa mjini, na hakuna hata moja aliyouona mwanzo wake. Si kwamba alikuwa mtu wa kuchelewa. Pale jumba la sinema yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Ila kazi yake ilikuwa kuonyesha watu viti, na watu, tangu dunia iwe dunia, hawaji kwa wakati. Taa zikishazimwa alisimama nje ya pazia zito la mlangoni, tochi mkononi, akiwapokea wachelewaji: mwenye mtoto analia, mwenye kudai kiti chake kimekaliwa, mwenye kuapa kwamba tiketi yake imefuliwa pamoja na suruali. Akishamketisha wa mwisho ndipo alipoegemea ukuta wa nyuma na kutazama, na kufikia hapo stelingi alikuwa amekwisha kulipua kitu na wimbo wa mwanzo umekwisha kuimbwa.

Mtulivu ni jina ambalo watazamaji walimpa yule jasusi, kwa sababu hakupaza sauti hata nyumba ikimwangukia. Kwenye picha zenyewe alikuwa na jina jingine refu, lakini nani alijali? Zilikuja picha kumi na nne kabla ya sinema kufungwa na jumba kugeuzwa ghala la magodoro. Baada ya hapo ziliendelea kutoka, watu wakazitazama majumbani, na sasa zimefika ishirini na moja. Waigizaji wamebadilishwa wanne, Mtulivu ni yule yule.

Mumewe alimpata humo humo kwenye picha ya tatu. Alikuwa fundi saa, mwenye meza ya kioo chini ya ngazi za jengo la jirani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na shati lake halikukosa kibano mfukoni. Kila picha mpya ya Mtulivu aliifungia kazi mchana, akaja mapema, akakaa kiti cha mwisho cha safu ya nyuma. Siku hiyo watu walipokuwa wakitoka, Mama Tochi, wakati huo bado msichana, alishindwa kuvumilia.

"Samahani kaka. Yule mwanamke wa mkoba mwekundu, mbona Mtulivu anamwogopa hivyo?"

Fundi alivua miwani, akaifuta polepole, akairudisha machoni.

"Iko mwanzoni hiyo," akasema.

Akamweleza wakitembea. Walipofika njia panda maelezo yalikuwa hayajaisha, ikabidi wasimame. Ilipofika picha ya tano walikuwa wameshaoana, na mwendo wa kutoka onyesho la mchana hadi nyumbani, kama nusu saa hivi kwa mguu, ukawa ndio wakati wa mianzo. Yeye alileta maswali yake aliyoyakusanya gizani, hata ya zile picha mbili za kabla hawajakutana, mume akajibu, "Iko mwanzoni hiyo," kisha akainama kufunga kamba za viatu, kisha akaanza kusimulia. Mama Tochi huwaambia watu kwamba hajawahi kuona mwanaume mwenye kamba mbovu kama yule. Alimnunulia mpya mara mbili, na bado zilifunguka.

Fundi alifariki kwa kifua miaka minne iliyopita. Mama Tochi akahamia kwa binti yake, na huko akakutana na kikundi.

Mkwe wake ni mwalimu wa udereva. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya chakula cha mchana, yeye na wenzake wawili hujifungia katika darasa lake, kati ya michoro ya alama za barabarani, na kubishana juu ya Mtulivu. Mmoja ni dada wa benki, keshia, ambaye kila picha ameiona zaidi ya mara kumi na ana daftari lake. Mwingine ni kinyozi mzee kidogo, aliyeziona zile za zamani katika jumba lile lile la Mama Tochi. Mwaka huu walijipa kazi ya kuchagua maamuzi kumi mabovu kuliko yote yaliyowahi kufanywa na watengenezaji wa picha hizo.

"Twende wote, mama," mkwe akamwambia. "Wewe ni shahidi wa enzi."

Akaenda, akakaa kwenye dawati la wanafunzi, kanga mabegani. Mambo yalianza kwa raha. Kwa kasuku wa picha ya saba, yule aliyefichua siri za serikali kwa kuimba, wote walikubaliana bila kura. Kwa picha ya tisa, pale Mtulivu anapopiga gitaa juu ya paa la treni, kinyozi alifunika uso kwa kofia. Mama Tochi alicheka hadi machozi. Ndipo wakafika picha ya tano, darajani.

Anayeijua picha hiyo anakumbuka: Mtulivu amemfuata haini miezi mingi, amembana darajani, wako wawili tu, bastola imelenga kifua. Kisha anaishusha. Haini anaondoka kwa miguu, na picha mbili nzima zinazofuata ni za kumtafuta tena.

"Hapa mwandishi alisinzia," keshia akasema. "Mtu kakuulia wenzako watatu, unamwacha aende zake kama mgeni aliyeshiba? Hakuna sababu. Hata moja!"

"Biashara," kinyozi akasema. "Walimtaka tena kwenye ya sita."

"Jamani," Mama Tochi akaingilia, "lakini si alimbeba?"

Wakamgeukia.

"Nani alimbeba nani, mama?" mkwe akauliza.

"Haini alimbeba Mtulivu. Walipokuwa watoto. Mto umefurika, wanaenda shule, yule mkubwa akamweka mdogo mgongoni akamvusha, viatu vyake vikachukuliwa na maji. Mwaka mzima akasoma pekupeku. Ndiyo maana pale darajani Mtulivu anamtazama kwanza miguu, kisha anashusha bastola. Utampigaje risasi mtu aliyekuvusha?"

Keshia alifungua daftari, akalifunga.

"Mama," akasema taratibu, "picha ya tano haina mto."

"Una mwanzo wake hapo?" Mama Tochi akamuuliza mkwe.

Mkwe alikuwa nao kwenye kompyuta. Wakaangalia kwenye ukuta mweupe: pikipiki zinafukuzana sokoni, nyanya zinaruka, ndege inalipuka, wanawake wanacheza dansi ndani ya moshi na majina yanapita. Mama Tochi akaomba irudishwe. Ikarudishwa. Pikipiki, nyanya, ndege, moshi. Mtoto hata mmoja hakupita.

"Hebu nenda pale darajani," kinyozi akasema.

Wakaenda. Bastola ikapanda. Na kweli, kabla ya kuishusha, macho ya Mtulivu yaliteremka taratibu hadi miguuni mwa yule mtu, yakakaa hapo, yakarudi.

"Ehee!" keshia akasema. "Mimi siku zote nilidhani mwigizaji kasahau maneno."

Wao walifurahi. Mama Tochi masikio yalikuwa yanamwaka moto. Njia nzima ya kurudi mkwe, ambaye huwaamuru madereva wapya siku nzima, hakupata la kumwambia mama mkwe wake zaidi ya "pole, mama" mara tatu.

Binti yake alikuwa anapiga pasi sare za watoto.

"Baba yako alikuwa mwongo," Mama Tochi akamwambia kabla hajakaa.

"Baba? Baba aliyeshindwa hata kumdanganya mgeni kwamba anatoka?"

"Kanilisha uongo miaka yote. Nimeaibika mbele za watu leo. Nimesimulia mto ambao haupo!"

Alipoeleza yote, binti aliiweka pasi kando, akakaa naye kitandani.

"Mama, kwani zile kamba za viatu wewe ulidhani ni nini?"

"Zilikuwa mbovu."

"Hazikuwa mbovu. Mimi nilikuwa mdogo lakini niliona. Mkinichukua shuleni, ukishamuuliza swali lako tu, anainama. Ananikonyeza huku ameinama. Alikuwa anafikiri."

Mama Tochi akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuendelea kukasirika, "Angesema tu hakuna sababu. Ningekufa?"

"Ungemuuliza tena? Picha iliyofuata?"

Mama Tochi akakumbuka kitu kingine: jinsi mumewe alivyopokea saa pale mezani. Watu walimletea saa zilizokwisha kukataliwa na mafundi wote, na yeye hakuwahi kumwambia mtu "hii tupa." Aliweka lenzi jichoni, akatazama hadi mwenye saa akachoka kusimama, kisha akasema, "Saa haiharibiki yote. Imekosa kijino." Akachukua tupa ndogo kuliko sindano, akachonga kijino. Kama hakikuenea, akachonga kingine.

Wiki hiyo, kila jioni baada ya chakula, mama na binti walitazama mianzo. Hawakutazama picha, mianzo tu, kutoka ya kwanza hadi ya kumi na nne. Siku ya kwanza Mama Tochi alikaa amekunja mikono kama hakimu. Siku ya tatu alikuwa anaiambia televisheni, "Hapana, siyo hivyo." Walikuta kwamba mianzo mitano Fundi alikuwa ameisimulia kama ilivyo, neno kwa neno, kwa sababu ilikuwa mizuri na haikuhitaji mkono wake. Minane alikuwa ameitengeneza. Kwingine aliongeza barua moja tu. Kwingine, kama pale mtoni, aliunda jambo zima, lakini kila mara alilishikiza kwenye kitu ambacho kweli kilikuwamo ndani ya picha: jicho lililoteremka, mkono uliosita mlangoni, pete iliyokuwa kwenye kidole kisicho chake. Vitu ambavyo watu wote waliviona na hakuna aliyeviuliza.

Uliobaki ulikuwa wa ile ya saba. Hiyo Mama Tochi alikumbuka vizuri. Alimuuliza, "Na yule kasuku?" Fundi akatembea hatua nyingi bila kuinama. Mwishoni akasema, "Kasuku ni kasuku tu, mke wangu. Hana spea."

Hasira ilivyoondoka hakujua. Alijua tu kwamba usingizini na macho wazi alianza kuiona ile njia ya kurudi nyumbani, na kila mwanzo ulikuwa na mahali pake. Mwanamke wa mkoba mwekundu alikuwa njia panda. Ndugu wawili wa picha ya kumi na moja walikuwa mbele ya duka la vioo, ambako Fundi alimwonyesha sura zao wenyewe kwenye kioo kilichopasuka katikati. Na mto ulifurika kando ya ukuta wa shule, siku ya manyunyu. Walikuwa chini ya mwavuli mmoja, naye akauchora mto hewani kwa kile kibano chake cha mfukoni, akalowa bega zima kwa sababu mwavuli wote alikuwa ameuelekeza kwa mkewe.

Jumapili iliyofuata ya kikundi hakungoja kualikwa. Aliwaambia wenzake ukweli wote, kwamba marehemu alikuwa anaitengeneza mianzo mwenyewe, kisha yeye akaisimulia ile minane, mmoja baada ya mwingine. Alisimulia vizuri, sauti ya mumewe aliijua. Keshia aliandika hadi kalamu ikaisha wino. Wa picha ya tano walimwomba aurudie, na kwa kauli moja uamuzi wa darajani ukaondolewa kwenye orodha ya maamuzi mabovu.

Lakini mashabiki ni mashabiki. Hawakukaa nusu saa kabla ya kuanza kumkosoa na Fundi mwenyewe.

"Hii barua ya picha ya pili naikubali," keshia akasema. "Ila kwenye ya sita Fundi kachemka. Kama mlinzi alijua siri tangu mwanzo, kwa nini anakimbia?"

"Na ya kumi," kinyozi akasema, akavua kofia kwanza. "Dada, unisamehe. Marehemu namheshimu, saa yangu aliitengeneza na mpaka leo inatembea. Lakini kumpa Mtulivu mke mgonjwa kitandani? Mtunzi yeyote akikwama anaugulisha mke."

Mkwe alitazama dirishani, kijasho kikimtoka. Mama Tochi alimkazia kinyozi macho.

"Mke yule ndiye sababu anarudi mjini!"

"Angerudi tu. Kasahau pasipoti yake hotelini, tumeiona."

Mama Tochi aliutazama mchoro wa alama ya kusimama ulio ukutani, halafu akaanza kucheka peke yake.

"Siku ile tulikuwa tumenuniana tangu asubuhi," akasema. "Hata sikumuuliza swali. Alianza mwenyewe kusimulia. Akafika pale mke anapozidiwa, Mtulivu akamshika mkono. Na yeye akanishika wa kwangu."

Keshia akaishusha kalamu.

"Basi ibaki, mama," akasema. "Tuiache."

"Iondoke," Mama Tochi akasema. "Mimi nilimsamehe siku ile ile, lakini picha haikupona."

Wakapiga kura. Mke mgonjwa aliondolewa kwa kura tatu dhidi ya moja, na hiyo moja ilikuwa ya mkwe, ambaye hakuthubutu kumkosoa baba mkwe wake hata akiwa kaburini. Kinyozi akarudisha kofia kichwani, akafungua daftari la keshia kwenye ukurasa wa picha ya kumi na moja, na kabla hajasema lolote juu ya ndugu wale wawili, Mama Tochi alikuwa amekwisha kusogeza dawati lake karibu na meza.

"Hawa nitawatetea," akasema. "Tena jiandaeni."