Karatasi za Babu Mgongoni mwa Bibi

Harufu ya mafuta ya taa hunitoa nje ya nyumba mpaka leo. Babu yangu, mchungaji wa Koboko, alilipaka sanduku lake mafuta hayo ili mchwa wasile karatasi zake: mahubiri, barua za waumini, na michoro ya njia alizopita akienda kuhubiri ng'ambo ya mpaka, Sudan na Kongo. Kila kijiji alichofika alikichorea msalaba mdogo. Mimi nilidhani anachora makaburi.

Alipokufa, vita vilikuwa vimekaribia. Watu wa msituni waliweka gogo barabarani, na wakimkuta mtu na karatasi yenye njia na alama, walimwita mpelelezi. Huyo hakurudi kwao. Bibi alilijua hilo. Asubuhi tulipokimbilia Arua aliacha sufuria, akaacha kuku, akazipanga karatasi mgongoni mwake, akanipandisha juu yazo na kutufunga kwa kitenge kimoja. Nilikuwa mkubwa, miguu yangu ikining'inia ovyo.

"Wewe mgonjwa," aliniambia. "Lala kama gunia la muhogo."

Nikalala. Karatasi zilinikwaruza tumbo kila alipopiga hatua, na jasho letu likaiamsha ile harufu.

Penye gogo, kijana mwenye bunduki alitusimamisha.

"Wewe mama! Toto kubwa hivi nabeba ya nini?"

"Iko mgonjwa, afande."

Akasogea. Nilimsikia akinusa karibu na sikio langu.

"Na hii mafuta ya taa?"

Bibi, aliyenichapa hata niliposingizia paka kumaliza maziwa, hakusita.

"Chawa, afande. Imejaa kichwa yote. Nimepaka mafuta, bado natembea tu. Angalia mwenyewe."

"Chawa!" Kijana akaruka nyuma. Wenzake wakaangua kicheko. "Pita, mama! Enda chunga hiyo ng'ombe yako ya kichwa mbali!"

Walicheka sana. Mimi nilikuwa nimejikojolea.

Tulipofika kwa shangazi Pajulu, karibu na Arua, Bibi alikifungua kitenge. Karatasi zikatawanyika uani, wala hakuzitazama. Alinipapasa kichwa, shingo, mgongo, mbavu, kama mtu anayetafuta tundu. Kisha akageuka, akatapika.

Tangu siku hiyo hakukubali karatasi zile zilale nyumba moja naye. Shangazi alizipeleka kanisani, na hadi leo watu hutoka mbali kuzisoma na kumsifu Babu. Kwa miaka mingi niliamini Bibi alizikataa kwa sababu ya mkojo wangu.

Sasa nina binti wa umri niliokuwa nao siku ile. Juzi nilimbeba mgongoni kwa mchezo tu, akasinzia, pumzi yake ikinigusa shingo, nikakaa chini palepale njiani. Ndipo nilipoelewa mikono ya Bibi ilikuwa ikitafuta nini, na kwa nini alizikataa karatasi zile. Tulipolipita gogo, bunduki zote zilikuwa nyuma yetu, na nyuma ya Bibi nilikuwa mimi.