Sauti ya Marehemu Katika Albamu Yetu

Mwimbaji wetu alifariki tukiwa katikati ya kurekodi albamu. Ala zote zilikuwa tayari, ila sauti yake alikuwa ameiweka ya kutuongoza tu, aje aimbe vizuri baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Tulimzika kwao Turbo, mahindi yakiwa yamefika magotini.

Nafasi yake ilichukuliwa na msichana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Sugoi. Alikuwa na sauti nzito ya kifuani, sauti nzuri, na nilimchukia kwa sababu hiyo hiyo. Tulirekodi katika chumba cha kupanga pale Huruma, kuta tumezifunika kwa magodoro, na ilikuwa lazima iwe asubuhi, maana mvua ya alasiri ikishuka juu ya mabati hata muziki wa roki kama wetu hunyamaza. Mimi, mpiga besi, ndiye niliyeshika mitambo. Kila mwalimu alipoimba, nilimwekea sauti ya marehemu kwenye hedifoni, juu kabisa, nikamwagiza amfuate neno kwa neno. Aliniomba nipunguze, nikakataa. Mpiga dramu akanikumbusha kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamjibu kwamba mimi si mgonjwa. Nilikuwa mgonjwa.

Tulipomaliza, tulimwalika mama yake marehemu aje asikilize kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikaa kwenye kreti ya soda, kitambaa kichwani, akatikisa kichwa taratibu kufuata mdundo. Wimbo wa tatu ulipofika mahali ala zinaponyamaza kabla ya kiitikio, aliinua mkono, akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Katika kile kimya, kwa mbali, mwanawe alikuwa anaimba. Hedifoni zetu kuukuu zilikuwa zimevujisha sauti, maikrofoni ikainasa. Mimi nilikuwa nimeisikia siku nyingi, nikanyamaza makusudi ili abaki humo. Nilidhani mama atafurahi.

“Huyo tulishamzika,” akasema. “Mbona bado mnamfanyisha kazi? Wacheni apumzike. Huyu msichana aimbe.”

Nilimsindikiza hadi steji ya matatu. Kesho yake nilifuta ile sauti mwenyewe, wimbo baada ya wimbo, nikilia mbele ya wenzangu. Kisha nikamuuliza mwalimu, tukirekodi upya, angependa kusikia nini kwenye hedifoni.

“Besi yako,” akasema. “Hujawahi kuniwekea.”