Moto wa Samadi

Hasira hii ninayo tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru, na sioni haya kuisema. Jiko la mama yangu liliuliwa.

Kwetu Msambweni mama alipikia kuni na makumbi ya nazi, macho mekundu asubuhi na jioni. Daktari alikwisha kumwonya kwamba moshi utampofusha. Ndipo bwana shamba akatujengea shimo la saruji kando ya zizi, lenye kifuniko kizito na bomba la kuingia jikoni. Alitueleza kwamba ndani ya samadi mna vijidudu visivyoonekana, visivyotaka hewa kabisa. Vinakula, vinatoa gesi, na gesi hiyo inawaka. Baba alicheka. Mama akatia samadi na maji kila siku, akangoja, hata siku moja akawasha kiberiti na moto wa buluu ukashika. Moshi hakuna! Mama akapiga vigelegele peke yake jikoni.

Halafu ikaja Maulidi. Baba mkubwa, kaka yake baba, akasema wali wa Maulidi hautapikwa kwa moto wa najisi.

"Haya shemeji," mama akasema, "siku hiyo nitapikia kuni."

Si ingetosha? Wapi! Tulipokwenda kisimani, mzee yule alifungua kifuniko akamwaga ndoo za chokaa na dawa kali ya kusafishia choo, eti analitoharisha shimo. Tuliporudi alitupokea kwa fahari: "Sasa ni safi."

Safi! Vijidudu vilikufa vyote, na moto ukafa navyo. Bwana shamba alisema tulizoe lote tuanze upya. Mama alimwomba baba, akamwomba tena mbele yetu, lakini baba mkubwa alikwisha kukataza, na baba hakuthubutu kumkaidi kaka yake. Wanaume wawili ambao hawajapuliza kuni hata siku moja ndio walioamua!

Mama akarudi kwenye moshi. Macho yakaenda kidogo kidogo: kwanza alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, kisha kuchagua mawe kwenye mchele, kisha kututambua sisi.

Idd moja baba mkubwa alikuja kula. Akausifu wali, kisha akanung'unika kwamba mama amempita bila salamu.

"Hakuoni, baba mkubwa," nikamwambia mbele ya wageni. "Ulimzimia moto, sasa hakuoni."

Baba akanikaripia kwamba sina adabu. Mimi ndiye nisiye na adabu!