Ua la Wawi

Haya sijamwambia hata mke wangu. Napika mkate wa kumimina mbele ya simu, mimi mpishi wa juzi, na watu wa Dar ninaowalenga hawaniangalii. Haniachi mmoja tu, ajiitaye Ua la Wawi, na kila video ananikosoa: hamira nyingi, moto mkali. Nikachoka, nikamjibu, "Wewe ushapika hata mmoja ukaiva?"

Ijumaa nikaenda Wawi kumwamkia mama mkwe. Nikakuta wanawake wamejaa ukumbini, wameizunguka simu yake, na sauti inayotoka humo ni yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanisogezea sahani ya mkate wa kumimina. "Onja, uone kama umeiva. Na wenzangu hawa wanauliza, video nyengine lini?"