Muhogo wa Kijito Baridi

Muhogo mchungu una sumu, lakini usiuogope bure. Uumenye, uuloweke mtoni siku kadhaa, halafu ubonyeze kwa kidole gumba. Kidole kikizama bila kukwama, umeiva. Kikikwama, urudishe majini, hata kama njaa inakuuma namna gani. Sisi wa Kabambare tulifundishwa hilo tungali wadogo.

Wakati wa vita ya Wazungu pamba tuliyolazimishwa na serikali kulima haikutosha, na baba akakimbia kabla askari hawajafika. Mume akikosekana, walimfunga mke. Basi mama aliposikia kwamba askari wamelala kijiji cha jirani, aliutoa muhogo wake mtoni ukiwa bado mgumu, akautia katika kitunga, akatuchukua mimi na mdogo wangu wa kiume, tukaingia msituni. Tulikuwa na chungu kimoja, mkeka mmoja, ndizi chache, na chumvi kidogo iliyofungwa katika jani.

Kijito cha kule ndani hakikupata jua. Muhogo ulikataa kulainika. Kila asubuhi mama aliubonyeza, akatikisa kichwa, akaurudisha majini. Ndizi tulizobeba ziliisha, tukabaki na majani ya kuchemsha. Moto tuliuwasha alfajiri tu, ili moshi upotee katika ukungu. Mdogo wangu alilia kwa njaa, tukaogopa atasikika njiani. Kisha akaacha kulia, tukaogopa zaidi.

Asubuhi moja kidole cha mama kilizama, ila si mpaka ndani. Alikata sehemu za katikati zilizobaki ngumu, akazifukia mbali mtoto asiziokote. Zile laini aliziosha sana, akazichemsha, akamwaga maji yake. Halafu akaniita kando.

"Nitakula mimi kwanza," alisema. "Nikianguka, usinishike. Mwaga chungu, beba mutoto, fuata kijito mpaka Lusangi kwa shangazi yako."

Alikula vipande viwili, akaegemea mti. Nilimpakata mdogo wangu na kumbana mikono, maana alikuwa akiinyoosha kwenye chungu. Nilimtazama mama midomo, nikamtazama vidole. Alipojikuna tu, nilidhani sumu imeanza. Jua lilikuwa limepenya kidogo kati ya majani alipofumba macho, kichwa kikalala upande.

Nilimfunga mtoto mgongoni. Nguo iliniponyoka mara mbili. Nikainama, nikashika chungu.

"Ukimwaga hicho, nitakuchapa," mama alisema, macho yamefumbwa vilevile. "Niko muzima. Nilisinzia. Kaa chini, ngoja jua lifike kwenye ule muti ulioanguka."

Nikakaa. Jua lilitambaa polepole mpaka likafika, na mama akainuka mwenyewe, akamega kipande, akakipoza kwa pumzi, akamtia mdogo wangu kinywani. Cha pili alinipa mimi. Nilikitafuna nikiwa bado ninamwangalia usoni.