Wubit na Paja la Pasaka

Pale Dessie, ukimtaja Wubit muuza injera, ile mikate myembamba laini ya kumegea mchuzi, mtu anacheka kwanza ndiyo anakuuliza anaendeleaje. Si kwamba ni mbaya. Ni mkarimu hadi anaudhi, kanisani hakosi, na mfungo mkubwa anaufunga kweli: nyama hagusi, maziwa hagusi, yai hagusi, wiki baada ya wiki, uso umemkauka kama mtakatifu wa ukutani. Kasheshe ni Jumamosi ya mwisho. Siku hiyo lazima apike kuku wa Pasaka huku bado amefunga, na mchuzi unataka kuonjwa chumvi.

Mwaka juzi alionja kwa ncha ya kidole. Mwaka jana kidole kikaita kijiko, kijiko kikaita paja. Akadhani ni siri yake na chungu. Kasahau kwamba kuku wa Pasaka hukatwa vipande kumi na viwili, na mama mkwe wake anavihesabu akipakua. Vikatoka kumi na kimoja. Meza nzima ikamgeukia Wubit, naye akaangalia dari kama vile ndiyo kwanza anaiona.

Basi mwaka huu kaapa: hata tone. Asubuhi padri kapita akigawa nyasi mbichi za kutangaza ufufuko, Wubit kajifunga zake kichwani kama ilivyo desturi, kaanza kukaanga vitunguu. Tangu jana hajatia kitu tumboni. Wifi yake, Etagegn, kavuta kigoda mlangoni.

"Umekuja kunisaidia?"

"Nimekuja kulinda paja."

"Wifi, mwaka huu nina Yesu."

"Mwaka jana alikuwa safarini?"

Ilimchoma, maana mwaka jana hakumwomba kitu. Alijiamini tu, eti yeye ni mtu mzima.

Kuku akaingia chunguni, siagi ya viungo ikamfuata, harufu ikapanda. Tumbo la Wubit likanguruma hadi Etagegn akachungulia barabarani akidhani ni lori. Hapo akapita Zahara, jirani yao Mwislamu.

"Shoga, njoo unitilie chumvi, uonje."

"Kuku kachinjwa na nani?"

"Mume wangu."

"Basi huyo ni wenu, mimi simli. Na mtihani ni wako, usinigawie."

Akaenda zake akicheka. Simu ya Etagegn ikaita, naye akatoka nje kuongea. Wubit akabaki na chungu.

Shetani wa jikoni hana pembe. Anaongea kama shangazi mwenye busara: huonji kwa ulafi, mwanangu, unaonja kwa upendo. Chumvi ikikosea mama mkwe ataaibika mbele ya wageni. Kijiko kikachota. Kikapanda hadi kidevuni, na mvuke wake.

"Yesu," Wubit akanong'ona, "mimi mwenyewe siwezi, unajua. Wewe ulikaa jangwani na njaa, ukaambiwa ugeuze mawe yawe mkate. Mimi mkate umeshageuka, na mchuzi unao. Nishike mkono, Bwana, la sivyo naumeza."

Mkono ukashuka, na yeye anajua si yeye aliyeushusha. Akarudisha mchuzi chunguni, akafunika, juu ya kifuniko akaweka jiwe la kusagia. Etagegn aliporudi alimkuta kakaa mbali na jiko, anaimba, machozi yanamtoka.

"Vitunguu?"

"Vitunguu," akajibu Wubit.

Asubuhi ya Pasaka wametoka kanisani, mama mkwe akapakua. Akahesabu. Akahesabu tena, maana hakuamini.

"Kumi na viwili," akasema.

Watu wakapiga vigelegele, wakamega injera, wakachovya. Wakatafuna. Wakaacha kutafuna.

"Wubit, mwanangu," mama mkwe akauliza taratibu, "chumvi uliweka?"

Wubit akafikiria. Kwa ile hofu ya kukaribia chungu, hakuwa ameweka hata chembe.

Kisha Etagegn, yeye mwenyewe mlinzi wa paja, akainuka.

"Kaeni," akasema. "Chumvi naleta mimi. Huyu leo asiinuke." Na paja nono akalitua kwenye injera ya Wubit.